Chicago Wasiuze Chipukizi Kwa Ajili ya Golikipa

Kwako Mhariri,

Naandika kumjibu yule msomaji wa mtaa wa Umoja mliyemchapishia barua juzi, ile ya kusema ati Chicago Blackhawks wachukue chipukizi wao wawili watatu, waongeze na nafasi za drafti, waende wakachukue golikipa mwenye jina kubwa juu mashabiki wamechoka kuona timu ikifungwa. Kwanza nimpe pongezi, sikujua kuna mtu mwingine huku Eastlands anafuata hoki ya barafu mpaka anakasirika hivyo. Mimi niko South B na nilikuwa nadhani niko peke yangu naamka alfajiri kuangalia watu wakiteleza, maana wakati wa baridi kule tofauti yetu na Chicago ni masaa tisa, mechi yao ikianza saa moja na nusu jioni huku ni saa kumi na nusu alfajiri, matatu za kwanza ndio zinaanza kupiga honi. Lakini kwa haya maneno ya golikipa ndugu yangu amepotea, na si kidogo.

Wacha nieleze kwanza kwa wale hawafuati huu mchezo, alafu tugombane vizuri. NHL ina timu 32, za Marekani na Kanada. Huko hakuna mambo ya kuenda na mfuko wa pesa kama Chelsea ukanunua mtu. Kila timu ina kikomo cha mishahara, msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 95.5, kwa hivyo wachezaji wanabadilishwa, mtu kwa mtu, ama mtu kwa nafasi ya drafti. Drafti nayo ni ile siku kila mwaka timu zinachagua vijana, wengi wa miaka 18, raundi saba, na zile hazikufika mtoano ndizo zinaingia kwa bahati nasibu ya kuchagua mapema. Ata ukimaliza mkia kabisa nafasi yako ya kuchagua wa kwanza ni asilimia 25.5 tu. Basi timu ikisema inajengwa upya ndio hiyo, inaachilia wazee, inakusanya vijana na nafasi za drafti, inafungwa miaka mitatu minne na mashabiki wanavumilia ama wanajifanya wanavumilia.

Chicago walishinda Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, 2010, 2013 na 2015, alafu wakazeeka. 2022 meneja mkuu Kyle Davidson akaamua kubomoa nyumba, akampeleka Alex DeBrincat Ottawa na Kirby Dach Montreal, msimu uliofuata ata Patrick Kane mwenyewe akaenda New York Rangers. Bahati nasibu ya 2023 ikawaangukia, wakachagua wa kwanza, Connor Bedard, mshambuliaji. 2024 wakachagua wa pili, Artyom Levshunov, beki. 2025 wakachagua wa tatu, Anton Frondell. Na bado msimu wa 2024-25 walimaliza na pointi 61, timu moja tu ilikuwa chini yao, San Jose Sharks. Kwa hivyo hasira ya jamaa wa Umoja naielewa kabisa, mimi pia sipendi kuamka saa kumi na nusu kuona 5-1.

Sasa kuhusu kipa. Sibishani naye kwamba kipa ni muhimu, kipa kwa hoki ni muhimu kuliko kipa wa mpira wa miguu mara nyingi sana. Tuseme timu yako inapigiwa mashuti 30 kwa mechi. Kipa dhaifu anaokoa asilimia 89, kipa mzuri anaokoa 91. Mtu atakuambia hiyo ni tofauti ndogo, lakini piga hesabu, asilimia mbili ya mashuti 30 ni bao 0.6 kila mechi, msimu una mechi 82, hayo ni mabao 49 kwa mwaka na hakuna mshambuliaji mmoja anaweza kukuletea hiyo tofauti peke yake. Mahali nabishana naye ni mbili, bei na saa.

Tuanze na bei. Jamaa anasema utoe chipukizi. Lakini makipa hawanunuliki vile yeye anadhani, na hii ndio kitu mimi nimeona nikifuata huu mchezo: kipa mzuri kwa bei nzuri unampata mahali amekwama nyuma ya kipa mwingine. Goli ni moja. Mshambuliaji wa ziada utampa nafasi kwa laini ya tatu, kile kikundi cha tatu cha washambuliaji, beki wa ziada utamweka hapa na pale, lakini kipa wa ziada anakaa benchi na kofia ya timu akifungua mlango wa wenzake. Timu inayo wawili wazuri italazimika kumuachilia mmoja, na hapo ndio timu inayojengwa inafaa kusimama ikingoja na kikapu.

Na Chicago wenyewe wanajua hii hadithi vizuri sana, isipokuwa wakati ule wao ndio walikuwa upande wa kupoteza. Walimchagua kipa Dominik Hasek kwa drafti ya 1983, namba 199, jamaa akabaki kwao Czechoslovakia miaka mingi, akaja Amerika 1990, akakuta Ed Belfour amekalia goli na hatoki. Agosti 1992 wakampeleka Buffalo Sabres, wakapewa kipa Stephane Beauregard na nafasi ya raundi ya nne. Hiyo tu. Hasek akaenda Buffalo akashinda Vezina, ile tuzo ya kipa bora, mara sita, na 1997 na 1998 akachukua Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima, alafu hiyo 1998 akawapa nchi yake dhahabu ya Olimpiki kule Nagano. Siwalaumu sana Chicago, Belfour naye alikuwa moto, lakini angalia Buffalo walilipa nini. Hakuna chipukizi wa maana aliyeguswa.

Ama chukua Columbus 2012. Wakati huo walikuwa mkia wa ligi, timu ya kuhurumiwa kabisa. Philadelphia Flyers walikuwa wamempa kipa Ilya Bryzgalov kandarasi ya miaka tisa, dola milioni 51, kwa hivyo kijana wao Sergei Bobrovsky, ambaye hakuna timu ata ilimchagua kwa drafti, akawa hana mahali. Columbus wakampata kwa nafasi moja ya raundi ya pili na mbili za raundi ya nne. Msimu wake wa kwanza kule akashinda Vezina, na kiangazi hicho hicho Philadelphia wakamlipa Bryzgalov aende zake. Sasa mtu akiniambia ati ili upate kipa lazima utoe Frondell, namuuliza, kwani umesoma historia ya nani?

Ndio maana hii biashara ya beki Seth Jones nataka tuiangalie pole pole, juu jamaa wa Umoja aliipita kwa sentensi moja na kumbe ndio lilikuwa jibu la swali lake lote.

2021, kabla Davidson hajashika usukani, Chicago walimchukua Jones kutoka Columbus kwa bei ya kutisha. Walitoa beki kijana Adam Boqvist, nafasi ya drafti ya raundi ya kwanza ya 2021, raundi ya pili ya 2021, na raundi ya kwanza ya 2022. Alafu wakampa kandarasi ya miaka minane, milioni 9.5 kila mwaka. Ile raundi ya kwanza ya 2022 ikawa namba sita kwa sababu Chicago walianguka. Hiyo ndio maana ya kulipa na kesho yako, bana, ukianguka bei inapanda na wewe ndio unailipa. Jones si mchezaji mbaya, ni beki mrefu, anacheza dakika nyingi, lakini aliletwa kwa timu ambayo mwaka mmoja baadaye ilibomolewa, na mtu wa miaka 30 hawezi kukaa hapo akingoja Levshunov akue. Februari 2025 akasema wazi anataka kuenda mahali wanashindania kombe.

Florida Panthers walikuwa bingwa wa 2024 na walikuwa wanataka beki. Kwa goli lao alikuwa nani? Bobrovsky, yule yule, milioni 10 kwa mwaka. Na nyuma yake amekwama nani? Spencer Knight, namba 13 kwa drafti ya 2019, kipa wa kwanza kuchaguliwa mwaka huo. Unaona vile mambo yanajipanga? Tarehe 1 Machi 2025 wakabadilishana, Jones na nafasi ya raundi ya nne wakaenda Florida, Knight na nafasi ya raundi ya kwanza kwa masharti zikaja Chicago. Chicago wakakubali pia kubeba milioni 2.5 ya mshahara wa Jones kila mwaka mpaka kandarasi iishe 2030, na hapo ndio watu walilia, ati mnamlipa mtu acheze kwingine. Sawa, inauma. Lakini hesabu upande wa pili, waliondoa milioni saba kila mwaka, wakapata kipa wa miaka 23, na wakapata tena nafasi ya raundi ya kwanza. Florida wakashinda kombe tena Juni na Jones akiwa ndani, wakawapiga Edmonton kwa mechi sita. Kila mtu alipata alichotaka, na biashara ya aina hiyo ni nadra, kwa kawaida mmoja anaenda kulia.

Knight mechi yake ya kwanza na Chicago walipiga Los Angeles Kings 5-1 na yeye akaokoa mashuti zaidi ya 40. Baada ya hapo mambo yakawa ya kawaida, akafungwa mara nyingi kama vile kipa yeyote angefungwa nyuma ya wale mabeki watoto. Septemba 2025 wakampa kandarasi ya miaka mitatu, jumla dola milioni 17.5, inaanza msimu wa 2026-27. Hiyo ni chini ya milioni sita kwa mwaka. Ukilinganisha na milioni 10 za Bobrovsky unaona kuna nafasi imebaki ya kumlipa Bedard, ambaye kandarasi yake ya kwanza ilikuwa ya mpaka 2026 na hatakuwa rahisi.

Nitaongeza kitu kimoja kuhusu Knight kwa sababu niliona watu wakikiongea vibaya. Februari 2023 aliingia ule mpango wa ligi wa kusaidia wachezaji, akakaa nje, na baadaye akaeleza mwenyewe hadharani kuhusu afya yake ya akili, alafu msimu wa 2023-24 akacheza ligi ya chini kule Charlotte akijijenga. Kuna wasee wanasema hiyo ni alama nyekundu. Mimi naona ni kinyume, golini umesimama peke yako na watu elfu ishirini wanaona kila kosa lako, mtu ambaye ameshajua kuomba msaada na akarudi ananipa imani kuliko yule hajawahi kujaribiwa.

San Jose nao walifanya kitu karibu sawa, ila kwa njia ndefu. Machi 2024 walimpeleka mshambuliaji wao Tomas Hertl Vegas, wakapata kijana David Edstrom na raundi ya kwanza ya 2025. Agosti hiyo hiyo, Nashville wakiwa wamempa kipa Juuse Saros kandarasi ya miaka minane, kipa wao chipukizi Yaroslav Askarov akaona mlango umefungwa akataka kuondoka. San Jose wakachukua Edstrom na ile raundi ya kwanza ya Vegas na kipa mmoja, Magnus Chrona, wakawapa Nashville, wakaenda na Askarov, wakarudishiwa na raundi ya tatu na mchezaji mwingine. Ukiangalia vizuri ni Hertl amekuwa Askarov. Lakini walichotoa mkononi ilikuwa nafasi ya Vegas, ambayo ilitarajiwa kuwa ya mwisho mwisho wa raundi, nafasi zao wenyewe hawakugusa, ndio maana 2025 walikuwa bado na namba mbili wakamchukua Michael Misa. Hapo ndio ujanja ulipo, lipa na pesa ya watu.

Kuna upande mwingine wa shilingi na sitauficha. Buffalo 2021 walimpeleka mshambuliaji Sam Reinhart Florida, wakapata kipa kijana Devon Levi na raundi ya kwanza. Kwa karatasi ni ile ile ya Jones, mchezaji anayetaka kutoka kwa kipa chipukizi. Lakini Reinhart alikuwa na miaka 25, sio 30. Msimu wa 2023-24 akafunga mabao 57, na yeye ndiye alifunga bao la ushindi mechi ya saba ya fainali ya 2024, wakati Buffalo walikuwa wanaendelea na ule ukame wao wa kutofika mtoano ambao hadi 2025 ulikuwa misimu 14 mfululizo, rekodi ya ligi. Kwa hivyo sio kila kipa kijana anafaa kila bei. Umri wa yule unamtoa ndio unaamua, na jamaa wa Umoja anataka tutoe watu wa miaka 20!

Na akishapata hilo jina kubwa lake atakuwa na uhakika gani? Connor Hellebuyck wa Winnipeg ndiye alikuwa kipa bora 2025, alichukua Vezina na Hart pamoja, kitu makipa hawafanyi mara kwa mara. Mtoano ukaanza, raundi ya kwanza tu dhidi ya St. Louis, akatolewa golini mara tatu kwa mechi tofauti. Winnipeg walipita lakini kwa jasho. Huyo ndiye bora. Na alichaguliwa namba ngapi 2012? 130. Igor Shesterkin 118. Henrik Lundqvist 205. Pekka Rinne 258, raundi ambayo siku hizi ata haipo. Makipa wanachelewa kuiva, maskauti wenyewe wanabahatisha.

Wale walijaribu kulazimisha, New York Islanders, bado wanalipa, na ninaposema bado sina utani. Siku ya drafti 2000 walikuwa na kipa kijana Roberto Luongo, wakampeleka Florida pamoja na Olli Jokinen, alafu nafasi yao ya kwanza kabisa wakamchukua kipa mwingine, Rick DiPietro. 2006 wakampa kandarasi ya miaka 15, milioni 67.5. Magoti na nyonga zikamkataa, 2013 wakavunja kandarasi kwa makubaliano ya kumlipa milioni moja na nusu kila mwaka mpaka 2029. Luongo ameshaingia jumba la mashujaa wa hoki 2022. Mimi nikisoma hiyo nacheka peke yangu ndani ya matatu.

Haya, saa sasa. Kipa mkubwa kwa timu ambayo mabeki wake bado wanajifunza ni kufunga kufuli la elfu kumi kwa mlango wa mabati umeoza. Atakuibia mechi nane kumi, utamaliza wa 22, hutafika mtoano na kwa bahati nasibu nafasi yako itakuwa ndogo sana. Najua kuna watu hawapendi kusikia hivyo, wanasema kufungwa makusudi ni aibu, na ni kweli wachezaji wenyewe hawachezi kufungwa, na ata bahati nasibu si ya kutegemea, 2025 Islanders walipanda kutoka nafasi ya 10 wakachagua wa kwanza na Chicago waliokuwa wa pili kutoka mkia wakashuka mpaka namba tatu. Lakini kati ya kufungwa makusudi na kuuza kesho yako ili ufungwe kwa heshima kuna njia ya katikati, na njia hiyo ni kipa wa umri wa timu yako. Knight alizaliwa 2001, Bedard 2005. Watakuwa wakubwa pamoja. Ukileta kipa wa miaka 33, siku Levshunov anajua kazi yake kipa atakuwa anastaafu.

Detroit waliamua tofauti, kiangazi cha 2025 walimchukua kipa John Gibson kutoka Anaheim, miaka 31, wakatoa Petr Mrazek na raundi ya pili na ya nne. Kwa Detroit naelewa, hawakuwa wameona mtoano tangu 2016, walikuwa wamechoka, walikuwa na vijana makipa wawili nyuma na walitaka mtu wa kuwashikia nafasi. Bei haikuwa mbaya. Lakini Detroit walikuwa mwaka wa tisa wa kujenga, Chicago walikuwa wa nne.

Na huyo Mrazek ndiye biashara yangu naipenda kuliko zote, ata kuliko ya Jones, ingawa hakuna mtu anaiongelea. Julai 2022 Toronto walikuwa wanataka kumuondoa juu ya mshahara wake. Chicago wakasema leteni, lakini tubadilishane nafasi, nyinyi mchukue namba yetu 38, sisi tuchukue yenu 25. Namba 25 wakamchagua beki Sam Rinzel, ambaye sasa ni mmoja wa wale wanategemewa. Mrazek akakaa golini karibu misimu mitatu akipigiwa mashuti kama mvua, bila kulalamika, alafu Machi 2025 wakampeleka Detroit kwa Joe Veleno. Yaani walilipwa ili wapewe golikipa! Timu inayojengwa ikiwa na nafasi chini ya kikomo cha mishahara inaweza kufanya hivyo kila mwaka.

Kwa hivyo hapa golini mimi ningefanya hivi. Knight apewe mechi 50, si 65, mwenzake Arvid Söderblom achukue zile zingine 30 hivi, hasa zile za siku mbili mfululizo. Mashabiki wa Arsenal watasema kubadilisha makipa kunaharibu, wanakumbuka vile walisumbuliwa na maneno ya Ramsdale na Raya 2023, lakini kwa hoki ni kawaida kabisa, hakuna mwili wa binadamu unapiga magoti na kuinuka mara hizo zote siku 82. Kipa kijana Drew Commesso abaki Rockford kwa timu ya chini akicheza kila wiki, asiletwe Chicago kukaa benchi. Wamngoje. Corey Crawford walimchagua 2003 na hakushika goli kama kipa namba moja mpaka msimu wa 2010-11, miaka saba, na hiyo pia ilitokea kwa sababu Antti Niemi aliyewapa kombe la 2010 alitaka mshahara ambao hawakuwa na nafasi yake. Crawford akawaletea mawili, 2013 na 2015. Raundi ya pili, nafasi ya 52, hakuna chipukizi aliyeuzwa.

Mhariri, nikiwa hapo hapo, mkiweka matokeo ya NHL ata mstari mmoja Jumatatu hamtapoteza chochote. Hapa Nairobi hoki ya barafu sio mchezo wa runinga peke yake, kule hoteli ya Panari Mombasa Road barafu iko tangu 2005, timu ya Kenya Ice Lions ilitoka hapo, 2018 wakapelekwa Kanada wakacheza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon ndani ya timu yao, na 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshirika wa shirikisho la dunia. Kwetu hakuna drafti wala kubadilishana, na vifaa vya kipa ni ghali kuliko vya mchezaji mwingine yeyote, pedi za miguu, glavu, kofia, kifua, kila kitu chake ni tofauti. Lakini watoto wanasoma gazeti, na mtoto akisoma kwamba kipa bora wa dunia alichaguliwa namba 130 pengine atakubali kusimama golini.

Turudi kwa jamaa wangu wa Umoja. Sisemi Chicago wasiuze kitu milele. Ile nafasi ya raundi ya kwanza iliyotoka Florida ndio ningeitoa, ila sio kwa kipa. Bedard anahitaji winga wa miaka 24, 25, mwenye anajua kuingia kona kuchukua paki, kile kisahani cha mpira wanachogombania, na kumrudishia, na timu iliyobanwa na kikomo cha mishahara itamuachilia mtu kama huyo kiangazi kijacho, kama vile Florida walimuachilia Knight. Frondell, Levshunov, Rinzel na Frank Nazar hawatoki, mtu yeyote akipiga kuwauliza akatiwe simu. Na kama mwaka wa 2027 tutakuwa bado tunafungwa 5-1 na kosa ni la kipa na sio la mabeki, aniandikie tena kwenye ukurasa huu, nitamjibu.

Shabiki wa hoki,
South B, Nairobi